Malezi ya Vijana Wetu: Tuulize Kabla ya Kuhukumu

(Nakala ya mhadhara uliotolewa msikitini, mjini Sumbawanga, baada ya sala ya Alasiri, kuelekea likizo ya mwezi Juni)

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, maswahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baad.



Imamu wetu aliponitaka nizungumze juu ya malezi ya vijana, nilidhani ananitaka niwaonye vijana, kwa kuwa hilo ndilo tulilolizoea. Tukikutana msikitini, makaburini, au kwenye foleni ya mashine ya kusaga, maneno yetu ni yale yale: vijana wa siku hizi hawasikii, hawana adabu, simu zimewaharibu. Nilianza kuandaa mhadhara wa namna hiyo. Kisha nikatazama safu za nyuma katika sala ya Magharibi, nikahesabu vijana waliokuwepo, nikajiuliza ni wangapi kati yao ninaojua wanalala wapi. Nilimjua mmoja. Basi nikaiacha karatasi ile, nikaandika hii.

Katika lugha ya Kiarabu, mtoto aliyefikia umri huu huitwa murahiq, na asili ya neno hilo ni kukikaribia kitu. Huyu ni aliyeukaribia utu uzima, hajaufikia. Sheria yetu inamhesabu kuwa ni mukallaf pindi anapobaleghe: akiota, au akiona hedhi, au akitimiza miaka 15 kwa kauli ya wanazuoni wengi. Abdullah bin Umar (r.a.) alipelekwa mbele ya Mtume (s.a.w.) wakati wa vita vya Uhud akiwa na miaka 14, akarudishwa, akapelekwa tena wakati wa Khandaq akiwa na miaka 15, akaruhusiwa. Kwa hiyo kalamu imeshaanza kumwandikia. Lakini wataalamu wa tiba wanatufahamisha kwamba ile sehemu ya mbele ya ubongo, inayomsaidia mtu kupima matokeo ya jambo kabla ya kulitenda, huendelea kukomaa hadi anapokaribia au kupita miaka 20 na kidogo. Mwili umefika, dhamana imefika, ila breki bado zinafungwa. Mtu wa namna hii ndiye anayehitaji mzazi karibu kuliko wakati mwingine wowote, na ndiye tunayemwacha peke yake.

Nasema tunamwacha peke yake, na hapa Ufipa si maneno ya mfano.

Mnakumbuka kwamba kati ya mwaka 2004 na 2009 Serikali ilitekeleza mpango wa kupanua elimu ya sekondari, na shule za kata zikajengwa nchi nzima. Kuanzia Januari 2016 ada ikaondolewa hadi Kidato cha Nne. Hii ni neema, na asiyewashukuru watu hamshukuru Allah. Watoto ambao babu zao hawakuiona sekondari leo wanasoma. Lakini kata zetu ni pana, vijiji viko mbalimbali, na mabweni ni machache. Mtoto wa kijiji kilicho chini ya ukingo, kule bondeni kuelekea Ziwa Rukwa, au wa kijiji cha mbali upande wa Matai na Mwimbi, hawezi kwenda na kurudi kila siku kwa miguu. Anapangiwa chumba. Watoto wenyewe wanakiita geto. Ndani mna godoro, ndoo, jiko la mkaa, na gunia la mahindi lililoegemezwa ukutani. Mtoto wa miaka 14 anajipikia, anajiamsha, anajilaza, anajiuguza. Na hao si wa kutoka vijijini pekee; wapo wa mjini hapa ambao wazazi huhamia mashambani msimu mzima na kumwachia binti mkubwa nyumba na wadogo zake.

Sasa nawauliza: siku mnayompeleka kijana wako kwenye chumba kile, mnazungumza nini? Ninavyoona mimi, tunampa gunia, tunampa fedha kidogo, tunampa onyo. "Usije ukaniletea aibu." Kisha tunapanda gari. Baada ya hapo simu inapigwa mara moja kwa wiki mbili, na swali ni moja: umefaulu? Gunia limefika, onyo limefika, mzazi hakufika.

Hadithi tuliyoihifadhi nusu

Ndugu zangu, sisi watu wa Sunna tunaipenda sana hadithi ya Malik bin al-Huwayrith (r.a.) aliyoipokea Imamu Bukhari. Ndani yake mna amri ya Mtume (s.a.w.) kwamba tusali kwa namna walivyomwona yeye akisali. Tunaitumia tunapobishana juu ya kuinua mikono, juu ya mahali pa kuweka mikono kifuani, juu ya kunyoosha safu. Ni dalili sahihi na ni haki yetu kuitumia.

Lakini tuisome tangu mwanzo wake. Malik anasimulia kwamba walikuwa kundi la vijana waliolingana umri. Walikwenda Madina kujifunza dini, wakakaa kwa Mtume (s.a.w.) siku 20. Anamsifu kuwa alikuwa mwenye huruma na upole. Kisha anataja jambo ambalo sisi tunaliruka: Mtume alihisi kwamba wamewatamani ahli zao. Hawakumwambia. Yeye ndiye aliyehisi. Akawauliza ni nani waliowaacha nyumbani, nao wakamweleza. Ndipo alipowaambia warudi kwao, wakae nao, wawafundishe, na wasali kama walivyomwona.

Tazameni mpangilio huo. Mjumbe wa Allah, mwenye umma mzima mabegani, anazitazama nyuso za vijana wageni na kutambua kuwa wana upweke. Anauliza. Anasikiliza jibu. Amri ya sala inakuja baada ya hayo. Sisi tumeshika mwisho wa hadithi, mwanzo wake tumeuacha kwa msimulizi.

Nami ni wa kwanza kuuacha, na sitaki mnione kuwa nasema kutoka juu ya mimbari ya watu waliosalimika.

Miaka michache iliyopita nilikuwa na mwanafunzi katika darasa letu la baada ya Magharibi. Kijana wa miaka 15 hivi, mtoto wa mkulima wa mpunga kule bondeni, amepanga chumba hapa mjini. Alikuwa mwepesi wa kuhifadhi, na makhraj yake yalikuwa safi kuliko ya wengi waliomzidi umri. Ulipoingia mwezi wa Januari akaanza kuchelewa. Akija, anasinzia. Nilimvumilia mara mbili. Mara ya tatu nikamsimamisha mbele ya wenzake, nikamwambia kwamba macho yale ni ya mtu anayekesha na simu akitazama mambo ambayo mimi na yeye tunayajua. Wenzake wakacheka. Yeye aliinamisha kichwa, hakusema neno. Nami nilirudi nyumbani nikiamini nimekemea munkari.

Baada ya wiki tatu hakuonekana tena, si madrasa, si shuleni. Mwenye nyumba akampigia baba yake. Mzee akapanda ukingo siku hiyo hiyo, akafika kwangu viatu vikiwa na tope la shambani. Akaniambia, "Ustadh, wewe ndiye uliyekuwa naye kila siku. Niambie, kijana wangu alikuwa katika hali gani?"

Wallahi, sikuwa na la kumjibu. Nilijua amefika sura ipi na ghunna gani inamshinda. Sikujua anakula nini, anakaa na nani, anaogopa nini. Habari zake tulizipata kwa mama mmoja anayeuza maandazi karibu na chumba chake. Mahindi ya kijana yalikuwa yamekwisha tangu mwisho wa Desemba, maana wenzake wawili wa chumba kimoja hawakuwa na chakula na alikuwa akila nao. Usiku alikuwa akienda kushusha magunia kwenye mashine ya kusaga, akilipwa unga. Ndiyo maana alisinzia. Simu yenyewe alikuwa ameiuza.

Baba yake akauliza kwa nini hakuambiwa. Yule mama akasita, kisha akasema kwamba kijana alimweleza kuwa mwaka uliotangulia mahindi yalipopungua baba alimtuhumu mbele ya ndugu kwamba ameyauza. Aliapa hatamwomba tena. Yule mzee alikaa kwenye benchi la maandazi akalia, mtu mzima, mchana, barabarani.

Basi kijana yule alikuwa na milango miwili. Mmoja ulifungwa na baba yake, wa pili niliufunga mimi, tena kwa jina la dini. Akachukua wa tatu, akaenda Tunduma kupakua mizigo kwenye malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia.

Mwisho wake nitawaeleza baadaye. Kwanza nijibu yale ambayo najua baadhi yenu mnayasema moyoni.

Mtasema: Ustadh, ukimzoesha mtoto maneno mengi atakupanda kichwani. Nasema, hakuna aliyekuwa na haiba kuliko Mtume (s.a.w.), na imepokewa kwamba binti yake Fatima (r.a.) alipoingia kwake, humwinukia, humbusu na kumketisha mahali pake. Je, Fatima alipunguza heshima? Na Anas bin Malik (r.a.) aliingia katika utumishi wa Mtume akiwa mtoto wa miaka 10, akamtumikia miaka 10, yaani miaka yote ile tunayoiita ya usumbufu, na anashuhudia kwamba hakuwahi kuambiwa hata neno la kuonesha kuchoshwa naye. Anas huyo huyo anasimulia kwamba siku moja alitumwa, akajibu kuwa haendi, ingawa moyoni alikuwa na nia ya kwenda. Alipotoka akawakuta watoto wanacheza sokoni, akasimama. Mara akahisi ameshikwa shingo kwa nyuma. Akageuka, akamwona Mtume (s.a.w.) anacheka, akimwita kwa jina la kumdekeza na kumuuliza kama amekwenda alikotumwa. Anas akajibu kwamba ndiyo, anakwenda sasa hivi.

Nani kati yetu angecheka? Mtoto amekataa kwa mdomo, amekutwa anacheza, na yote mawili ni makosa. Mimi ningekuwa tayari nimeshavunja fimbo mtini. Lakini Anas alikwenda alikotumwa, na baadaye aliusimulia umma mapenzi yale hadi uzee wake.

Mtasema tena: je, hatukuamrishwa kuwapiga kwa ajili ya sala wakifika miaka 10? Tumeamrishwa. Ila amri ile ina sehemu mbili, na ya kwanza ni kuwaamrisha sala wakiwa na miaka 7. Kati ya 7 na 10 mna miaka 3, kila siku sala 5. Fanyeni hesabu: ni zaidi ya mara 5,000 za kumshika mkono, kumwita, kumfundisha, kusimama naye. Baba ambaye hakutimiza hata mia katika hizo ameipata wapi haki ya kuanzia kwenye fimbo? Na hata hapo wanazuoni wameweka masharti, kwamba pigo lisijeruhi, lisiguse uso, na lisitokane na ghadhabu. Bibi Aisha (r.a.) anasema kwamba Mtume hakuwahi kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Fimbo nyingi zinazopigwa majumbani mwetu ni hasira ya bei ya mbolea inayomshukia mtoto.

Na kuna kijana yule aliyekuja mbele ya Mtume (s.a.w.), kama alivyopokea Imamu Ahmad kutoka kwa Abu Umama (r.a.), akaomba aruhusiwe kuzini. Watu wakamkemea. Mtume akamwambia asogee, akamketisha karibu, akamuuliza kama angeliridhia jambo hilo kwa mama yake, kwa binti yake, kwa dada yake, kwa shangazi na mama mdogo. Kila mara kijana anajibu hapana. Kisha akamwekea mkono na kumwombea. Aliondoka hana hamu tena ya jambo lile. Najiuliza, kijana wa Sumbawanga mwenye wasiwasi huo angeupeleka kwa nani leo? Akija kwetu tutamwuliza amefundishwa na nani. Basi anaupeleka kwenye simu, na simu haimkemei, inamjibu usiku kucha.

Mabinti zetu

Mama zetu, sehemu hii ni yenu zaidi, ingawa akina baba wasikilize.

Zamani wazee wetu, hapa na katika jamii nyingi za nchi hii, waliwaachia bibi na shangazi kazi ya kumfunda binti. Mama aliona haya, na utaratibu ulimruhusu kuona haya, kwa kuwa palikuwa na mwingine wa kusema. Leo bibi yuko Laela, shangazi ameolewa Mbeya, na binti yuko katika chumba cha kupanga mjini. Haya ya mama imebaki, aliyekuwa akiifidia hayupo. Binti anaona hedhi ya kwanza anadhani ameumia. Nimeelezwa na walimu wa kike kuhusu mabinti wanaokosa siku nne au tano za masomo kila mwezi, na nyumbani hakuna anayejua.

Haya ni katika imani, sikatai. Lakini Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kianswari kwa kuwa haya haikuwazuia kuielewa dini yao. Ummu Sulaym (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) wazi wazi juu ya mwanamke anayeota, akajibiwa wazi wazi. Haya inayomwacha binti bila elimu ya tohara yake, wala ya hatari inayomkabili, haiwezi kuwa ile iliyosifiwa.

Hatari yenyewe inajulikana. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionesha kuwa kati ya mabinti wa miaka 15 hadi 19 nchini, 22 katika kila 100 walikuwa wameshazaa au wamepata ujauzito. Katika mkoa wetu wa Rukwa walikuwa 30 hivi katika kila 100. Tusidhani hesabu hiyo inaishia kwenye milango ya wenzetu wa dini nyingine.

Na inaanza vipi? Tunasema inaanza kwa tamaa. Nimezungumza na mke wangu, ambaye mabinti humweleza yale wasiyonieleza mimi, na anasema aghalabu inaanza kwa swali. Binti anatembea na ndoo, bodaboda anasimama, anamuuliza, "Umekula?" Siku ya pili anamuuliza, "Mbona leo una huzuni?" Halafu inafuata lifti, inafuata chipsi, inafuata vocha. Tunazilaani chipsi na kulisahau lile swali. Mtu wa kwanza kumuuliza binti yako kama amekula na kwa nini ana huzuni ni mtu mwenye nia mbaya naye. Swali lile lilikuwa lako, mama. Lilikuwa lako, baba.

Na likishatokea la kutokea, kuna wazazi wanaomfukuza binti usiku. Kuna wengine, na hili ni baya zaidi, wanaokaa na aliyemharibu wakayamaliza nyumbani kwa ng'ombe wawili au fedha za kununulia bati. Tangu mwaka 2016 sheria ya elimu inaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Anayepokea ng'ombe anauza haki ya mtoto wake ili mwovu aendelee na binti wa jirani. Na binti huyo mlango wa shule haujafungwa: tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo waliojifungua, kurudi. Amekosea? Huenda amekosea, huenda amelazimishwa. Hutajua usipomuuliza, na hatakujibu ikiwa hukuwahi kumuuliza jambo lingine lolote kabla ya siku hiyo.

Mahindi ya mwezi wa sita

Sasa namna ya kuzungumza nao. Hapa sina elimu kubwa. Vitabu nilivyosoma kwa Kiarabu juu ya malezi vimejaa migawanyo mizuri, na nilipojaribu kuitumia kwa mdogo wangu ninayeishi naye, akanitazama kama anayeulizwa na polisi. Ukimwita kijana, ukamketisha kwenye kiti mbele yako, ukamwambia "leo tuzungumze," hatazungumza. Ataangalia vidole vya miguu yake.

Nilichojifunza nimejifunza shambani. Juni inakuja. Shule zinafungwa, watoto wanarudi, na ndio wakati wa kuvuna mahindi na kuyapukuchua, baridi yetu hii ya Ufipa imekaza na jioni kila nyumba inaota moto. Mikono ikiwa na kazi, na macho yakiwa kwenye hindi badala ya kuwa kwenye uso wa mtu, ulimi hufunguka. Kaa karibu naye. Usianze na yeye, anza na wewe. Mweleze ulipokuwa na umri wake uliogopa nini, ulikosea wapi. Kijana wangu aliposikia kwamba mimi niliwahi kulia usiku nilipofika ugenini masomoni, kwa kutoielewa lugha na kuukosa ugali wa nyumbani, alinyamaza kitambo, kisha akaniambia jambo ambalo sikuwa nimemuuliza.

Na akikueleza, kazi ngumu ndipo inapoanza, nayo ni kunyamaza. Yusuf (a.s.) alipokuwa mdogo alimwendea baba yake na ndoto. Yaqub (a.s.) hakumcheka, hakumwambia akachunge mbuzi. Alimsikiliza hadi mwisho, akamwita kwa lafudhi ya mapenzi, akamwonya juu ya hatari iliyokuwa karibu naye, na akampa matumaini. Ibrahim (a.s.) alipewa amri na Mola wake, hapakuwa na shaka ndani yake, na bado alimweleza mwanawe na kutaka kujua rai yake. Sisi tunamhamisha kijana shule, tunamtafutia binti mchumba, na wao wanasikia habari hizo kwa jirani.

Siri aliyokupa usiitoe nje. Wapo akina baba wanaosikia siri ya mtoto baada ya Isha, na Alfajiri inasimuliwa barazani kama kichekesho. Huyo amefunga mlango wake mwenyewe kwa ufunguo.

Sisemi kwamba mzazi akifanya haya yote mtoto hatapotea. Nuh (a.s.) alikuwa Mtume, alimwita mwanawe hata maji yalipokuwa yanapanda, hadi wimbi likawatenganisha. Kama yupo hapa mzazi aliyeita na hakuitikiwa, asijitese kwa maneno yangu. Lakini tazameni kuwa Nuh alikuwa bado anaita, na alimwita kwa lafudhi ya mwanangu.

Nirudi kwa kijana wa Tunduma. Baba yake alimfuata baada ya miezi minne, alipojua yuko wapi. Aliniambia kwamba njiani alikuwa ameandaa maneno mengi. Alipofika akamkuta kijana amekaa juu ya magunia, mgongo umechubuka. Maneno yakamtoka. Akakaa kando yake juu ya magunia yale yale, akanunua ugali na maharage, wakala sahani moja. Wakati wanakula mzee akamwambia, "Nilikudhulumu, mwanangu. Mahindi yale hukuyauza." Hilo tu. Kijana hakujibu, lakini asubuhi alikuwa stendi na begi lake.

Aliporudi nami nilimwomba radhi mbele ya darasa lile lile lililomcheka, kwa sababu nilimvunjia heshima mbele yao. Ilikuwa ngumu kwangu kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya. Shuleni hakurudi, alikuwa amepitwa na mengi na alikataa. Hilo linaniuma hadi leo, na nitaulizwa juu yake. Sasa anajifunza kuchomelea vyuma kwa fundi mmoja hapa mjini, na Ramadhani iliyopita alisoma nasi juzuu mbili.

Kutokana na hayo, pamoja na imamu na kamati ya msikiti tumeanzisha daftari. Tunataka kuandika kila kijana Muislamu aliyepanga chumba mjini hapa: kijiji anachotoka, shule anayosoma, namba ya mzazi wake. Kila familia yenye uwezo ichukue wawili, iwaite kula siku ya Ijumaa, iwatembelee mara moja kwa wiki, na iwapigie wazazi wao simu kuwaeleza hali zao. Mabinti watachukuliwa na akina mama, na wao ndio watakaowatembelea. Hadi jana tulikuwa na majina 23, na familia 6 tu. Daftari liko kwa katibu, karibu na rafu ya viatu. Atakaa hapo hadi Magharibi.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.